Mzee Akirudi kutoka Maji ya Moto: Kwa Nini Nafuu Hupotea, na Jinsi ya Kuitunza

Mzee anaporudi hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, kutoka kwenye chemchemi za maji ya moto, swali la majirani huwa moja: yamemsaidia? Wiki za mwanzo jibu ni ndiyo, na kila mtu analiona kwa macho. Anainuka kitini bila kushika ukuta, anashuka ngazi bila kuguna, analala usiku kucha. Mwezi wa pili magoti yanaanza kukaza asubuhi, na ikifika mwezi wa nne au wa tano amerudi palepale alipokuwa. Hapo ndipo maneno yanapogawanyika. Upande mmoja husema nguvu ya maji imemwisha mwilini, kwa hiyo familia ichange tena fedha arudishwe. Upande wa pili husema maji hayakuwa na kitu tangu mwanzo, alifarijika tu kwa kubadilisha hewa. Pande zote mbili zinakosea, na makosa yote mawili yana gharama: wa kwanza wananunua nafuu ileile kila mwaka, na wa pili wanamnyima mzee kitu ambacho kingemfaa.

Kinachozungumzwa kidogo ni miezi iliyopo kati ya siku ya kurudi na siku ya kulalamika tena. Humo ndimo nafuu inamotunzwa au kupotea, na anayeamua mara nyingi si maji wala mzee mwenyewe, bali ni watu wa nyumbani.

Tuanze na maana ya maneno. Tiba ya maji ni kukaa mahali penye chemchemi ya maji ya moto au yenye madini kwa siku kadhaa mfululizo, mtu akioga, akipakwa tope la moto, akikandwa na kunyooshwa viungo. Nchini Ufaransa tiba hiyo huandikwa na daktari, bima ya afya ya taifa hulipa sehemu ya gharama, na huchukua siku 18 za matibabu ndani ya wiki 3. Miji kama Dax na Aix-les-Bains hupokea wagonjwa wengi wa viungo kwa njia hiyo. Wapo wazee wa hapa waliopitia huko kwa sababu watoto wao wanaishi Ulaya. Lakini wengi wetu tukisema maji ya moto tunamaanisha chemchemi za ukanda huu wa maziwa, ambako joto la ardhini liko karibu: Bugarama katika wilaya ya Rusizi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, na kwa watu wa Goma, Nyamyumba karibu na Gisenyi, ambako maji hutoka ardhini yakiwa na joto la nyuzi 70 na zaidi kabla ya kuchanganyika na maji baridi ya Ziwa Kivu. Tofauti kati ya huko na huku si ubora wa maji. Tofauti ni kwamba kule mzee anapangiwa ratiba, anapimwa, na wakati mwingine anaagwa akiwa na maelekezo. Huku anaoga siku chache, anashukuru Mungu, anarudi nyumbani bila neno lolote kuhusu kesho yake.

Neno la pili ni mazoezi. Wengi wakilisikia wanaona kijana mwenye viatu vya michezo akikimbia alfajiri, na mara moja wanaamua kwamba jambo hilo halimhusu mama wa miaka 72. Kwa madaktari wa wazee, mwendo wa mwili ni kila kazi inayotumia misuli kuliko kukaa: kufagia uwanja, kuchambua maharage huku umesimama, kutembea kwenda misa, kupanda ngazi za nyumba. Mazoezi ni sehemu ya mwendo huo iliyopangwa na kurudiwa kwa makusudi. Mzee anahitaji vyote viwili.

Sasa, maji ya moto yanafanya nini hasa? Joto hupanua mishipa ya damu na kulegeza misuli iliyokakamaa kuzunguka kiungo kinachouma, na hisia ya joto inapofika kwenye mishipa ya fahamu hupunguza ukali wa hisia ya maumivu. Maji yenyewe hubeba mwili: anayesimama ndani ya maji yanayomfika kiunoni hubebesha miguu yake karibu nusu tu ya uzito wake, kwa hiyo goti ambalo nchi kavu linakataa kukunjwa humo linakunjwa. Kuhusu madini, ngozi ya binadamu imeumbwa kuzuia vitu visiingie, na wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani cha nafuu kinatokana na madini na kiasi gani kinatokana na joto tu. Jambo lisilobishaniwa ni kwamba maji hayaoteshi upya gegedu, ile nyama laini inayofunika ncha za mifupa ndani ya kiungo, wala hayajengi misuli. Mwenye kuwasha mbabula, yaani jiko la makaa, analijua jambo hili bila kufundishwa: karatasi hushika haraka na kutoa mwali mzuri, lakini makala, yaani makaa, yasiposhika moto, baada ya dakika chache unabaki na majivu. Maji ya moto ni ule mwali. Makala ni misuli ya mapaja na ya nyonga, na huwashwa kwa kutumiwa.

Wanaosema maji hayana kitu wanapaswa kusikia habari ya utafiti mmoja wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2010, uliofuatilia zaidi ya wagonjwa 400 wenye magoti yaliyochakaa. Baada ya miezi 6, karibu nusu ya waliopata tiba ya maji walikuwa na nafuu ya maana, ilhali kati ya wasioipata waliofikia nafuu hiyo walikuwa kidogo zaidi ya mmoja kati ya watatu. Maji, basi, yalisaidia. Lakini kuna kipengele ambacho watu wakisimulia utafiti huo hukiruka: makundi yote mawili yalipewa mazoezi ya kufanya nyumbani kila siku. Hakuna aliyeambiwa aoge kisha akae. Na ndiyo maana hata kundi lisiloguswa na maji lilikuwa na watu wengi waliopona kwa kiasi.

Kuna jambo jingine linalofichika ndani ya siku za tiba. Mzee akiwa huko anaamka saa ileile kila siku, anatembea kutoka chumbani hadi kwenye maji, anashuka ngazi na kupanda, anavua nguo na kuvaa mara kadhaa, anakutana na wazee wenzake, anacheka nao, anazunguka jioni kwa sababu hana kazi nyingine. Kwa maneno mengine, ametembea kuliko alivyotembea mwaka mzima. Kisha anarudi nyumbani, anawekewa kiti kizuri kibarazani, na kila mtu anamwambia apumzike kwa sababu ametoka safari ya matibabu. Nafuu tunayoihesabu kwa maji ilikuwa pia nafuu ya miguu iliyokuwa ikifanya kazi.

Madhara ya kukaa huja haraka kuliko tunavyodhani. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza kitandani kwa siku 10 wazee wenye afya nzuri, wastani wa miaka 67, ili kupima kitakachotokea. Katika siku hizo 10 tu walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Hawakuwa wagonjwa, walilala tu. Mtu mwenye miaka 30 akilazwa hivyo hupoteza pia, lakini kiasi kidogo kuliko mzee, na hurudisha upesi, kwani mwili wa mzee hujenga misuli polepole. Kwa hiyo wiki mbili za "apumzike kwanza" baada ya kutoka Bugarama si jambo dogo. Zinatosha kula sehemu kubwa ya kile alichokwenda kukitafuta.

Hapa inabidi niseme jambo linalogusa mahali penye uchungu. Kwetu, mama wa miaka 70 akionekana ameshika ufagio au kibidoni cha maji, lawama huwaangukia watoto wake na wakaza wana wake: hawana haya, wamemwacha mama wa watu afanye kazi. Basi ili kulinda jina la nyumba, tunamnyang'anya kila kitu mkononi. Kaa katika nyumba yoyote yenye mzee alasiri moja na uangalie. Anataka kuinuka achukue chumvi jikoni, mjukuu anaruka: "Koko, ikala tu, niko nakuletea." Anataka kufungua dirisha; mwingine amekwisha kulifungua. Anataka kwenda kumwona jirani. Jirani ameitwa aje. Kila mara alikuwa ameshaweka mikono juu ya magoti tayari kuinuka, na kila mara amerudishwa chini kwa upendo. Ukijumlisha, tumemnyima alasiri hiyo mazoezi yaleyale ambayo mtaalamu wa viungo, yule tunayemwita kine, angemwandikia kwa malipo. Siamini kwamba mila yetu ya kuheshimu wazee inatutaka tufanye hivyo. Kuheshimu mzee ni pamoja na kumwachia miguu yake.

Wala simaanishi kwamba apewe mzigo wa kilo 20 apande nao mteremko wa Kadutu hapa Bukavu. Namaanisha kazi ndogo zenye kusimama, kutembea, kunyoosha mkono na kuinama kidogo zibaki zake, na zitambuliwe nyumbani kuwa ni zake, ili mtoto asije akadhani anakosa adabu kwa kumwacha azifanye.

Baada ya hapo ndipo tunaweza kuzungumza juu ya mazoezi yaliyopangwa. Mwili wa mzee unahitaji vitu vitatu ambavyo watu huvichanganya: pumzi, nguvu na uthabiti. Pumzi ni uwezo wa moyo na mapafu kuendeleza kazi, na hujengwa kwa kutembea. Nguvu ni uwezo wa misuli kuinua mwili au mzigo. Uthabiti ni uwezo wa kusimama na kugeuka bila kuanguka. Mzee anaweza kuwa na kimoja akakosa kingine. Wapo wanaotembea saa nzima lakini hawawezi kuinuka kwenye kiti cha chini bila kuvutwa, na hao wanadhani kutembea kunatosha. Hakutoshi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri wenye miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, wafanye kazi za kujenga misuli angalau siku 2 kwa wiki, na siku 3 au zaidi wachanganye mazoezi ya uthabiti na ya nguvu ili kuzuia kuanguka. Mwendo wa wastani hupimwa kwa njia rahisi: anayetembea aweze kuzungumza na mwenzake, lakini akijaribu kuimba wimbo wa kanisani pumzi imkatike.

Mtu asikate tamaa kwa kuisikia namba 150. Mwongozo huohuo unasema kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa. Kwa hiyo anayetoka kwenye kiti anaweza kuanza na dakika 10 asubuhi na 10 jioni. Siku 2 au 3 za mwanzo baada ya kurudi, hasa kwa aliyekaa wiki 3 kwenye tiba, uchovu ni wa kawaida. Atembee polepole ndani ya nyumba na uwanjani, lakini asilazwe. Kisha kila wiki aongeze kidogo.

Kama ningeruhusiwa kuchagua zoezi moja tu kwa kila mzee wa mji huu, ningechagua kuinuka kitini. Kitumike kiti kigumu cha mbao chenye mgongo, kiegemezwe ukutani kisiteleze. Sofa halifai kwa sababu mtu huzama ndani yake. Mzee akae nusu ya mbele ya kiti, nyayo zikiwa chini zote, zimeachana upana wa mabega na kurudishwa nyuma kidogo ya magoti. Akunje mikono kifuani. Ainame mbele mpaka pua ifike juu ya vidole vya miguu, na hapo ndipo asukume sakafu na kusimama wima kabisa. Wengi hushindwa kwa sababu wanajaribu kupanda moja kwa moja juu bila kuinama kwanza, na mtu anayewasaidia huwavuta mkono, jambo linaloweza kuumiza bega. Kushuka nako kuwe kwa hesabu ya moja, mbili, tatu, bila kujiangusha, kwa kuwa ule ushukaji wa polepole ndio unaoifanyisha misuli ya mapaja kazi nzuri zaidi. Mara 5, apumzike, mara 5 tena. Asiyeweza awekewe blanketi lililokunjwa juu ya kiti ili kiwe kirefu, au asukume kwa mikono. Wiki zikipita blanketi lipunguzwe.

Uthabiti hufundishwa hapohapo. Mzee asimame nyuma ya kiti kile au mbele ya meza nzito, ncha za vidole zikigusa, aweke miguu pamoja kwa sekunde 10. Akizoea, aweke kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine. Akizoea zaidi, asimame kwa mguu mmoja. Mtu awe karibu naye bila kumshika. Na avae viatu vinavyoshika kisigino, maana kandambili zimewaangusha wazee wengi.

Kutembea kwenyewe hapa Bukavu kuna habari yake, kwa sababu mji huu umejengwa juu ya miteremko. Ushauri unaotolewa katika vitabu kwa watu wa miji tambarare, kwamba mzee atembee tu nje ya nyumba, kwetu unaweza kuwa hatari. Watu huogopa kupanda kwa kuwa kunachosha kifua, lakini kwa goti linalouma kushuka ndiko kugumu zaidi: misuli ya paja lazima iuzuie mwili usianguke mbele, na mgandamizo nyuma ya kifuniko cha goti huongezeka. Ndiyo maana mzee anafika sokoni salama kisha anarudi akichechemea, ikiwa nyumba yake iko chini ya barabara. Kwa hiyo atafutiwe kipande ambapo barabara inafuata mgongo wa kilima badala ya kuukata, na kama hakipo, azunguke ndani ya parseli yake, yaani kiwanja cha nyumba, au kwenye uwanja wa kanisa, akihesabu dakika na si umbali. Mvua ikiwa imenyesha na ngazi za udongo zinateleza, siku hiyo afanyie mazoezi ndani. Fimbo ishikwe kwa mkono ulio upande wa pili wa goti bovu, si upande uleule kama wengi wanavyofanya. Na kwenye ngazi, wakati wa kupanda mguu mzima utangulie, wakati wa kushuka utangulie ule unaouma. Kwa wazee wa Goma shida ni nyingine: mawe ya volkano yaliyo barabarani hupinda kifundo cha mguu, na huko viatu vigumu vya chini ni muhimu kuliko hata fimbo.

Imani moja inayowakalisha wazee wengi kuliko zote ni kwamba goti lililochakaa likitumiwa litaisha upesi zaidi. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye majimaji yaliyomo ndani ya kiungo, na majimaji hayo huingia na kutoka pale kiungo kinapobanwa na kuachiwa, yaani pale mtu anapotembea. Goti lisilotembea linakosa lishe, misuli inayolishikilia inanywea, na uzito wote unaangukia mifupa. Mazoezi ya wastani ni miongoni mwa tiba za kwanza zinazopendekezwa na madaktari kwa ugonjwa huu, ambao mitaani tunauita rimatizimu bila kutofautisha aina zake. Lakini je, maumivu? Maumivu madogo wakati wa zoezi, yanayopoa jioni au kesho yake, hayana madhara. Maumivu yanayodumu zaidi ya siku moja au yanayomfanya achechemee kuliko jana yana maana kwamba kipimo kilikuwa kikubwa. Apunguze nusu, asiache.

Wengine husema: mama huyu alilima maisha yake yote, mwili wake umeshafanya mazoezi ya kutosha. Ningependa iwe hivyo, lakini misuli haiweki akiba ya namna hiyo. Jembe la miaka 40 iliyopita halimwinui mtu kitini leo. Habari njema iko upande wa pili: hakuna umri ambao misuli inakataa kujifunza. Mwaka 1990, katika nyumba ya wazee nchini Marekani, watu 10 wenye miaka 86 hadi 96 walifanya mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa wiki 8, na nguvu za misuli ya mapaja yao ziliongezeka zaidi ya maradufu. Ninapomsikia mtu wa miaka 68 akiambiwa na wanawe kwamba wakati wake umepita, hao ndio ninaowakumbuka.

Na kuhusu hatua 10,000 kwa siku ambazo vijana wenye simu za kuhesabu huwaambia wazazi wao: namba hiyo ilienea kutoka Japani katika miaka ya 1960, kupitia tangazo la kipima hatua. Utafiti wa mwaka 2019 juu ya wanawake wa Marekani wenye wastani wa miaka 72 uliona kwamba waliotembea hatua 4,400 hivi kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliotembea 2,700, na kwamba faida ilikoma kuongezeka karibu na hatua 7,500. Mzee asihukumiwe kwa namba ya tangazo.

Yapo mambo ya kuchunga, na hapa sipendi tufanye haraka. Joto la maji hushusha shinikizo la damu, na anayekunywa dawa za shinikizo anaweza kupata kizunguzungu akitoka majini au akiinuka ghafla siku hizo. Akae kidogo pembeni kabla ya kusimama. Mwenye kisukari ambaye nyayo zake zimepoteza hisia anaweza kuungua bila kujua, na maji ya nyuzi 70 huunguza ngozi kwa muda mfupi mno, kwa hiyo mtu mwingine apime maji kwanza, na baada ya kila matembezi miguu yake ikaguliwe hata katikati ya vidole. Mwenye ugonjwa wa moyo amuulize daktari kabla ya maji na kabla ya mazoezi. Na zoezi lisimamishwe mara moja, mzee apelekwe hospitali, akiwa na maumivu ya kifua, akikosa pumzi hata akiwa amekaa, akilegea upande mmoja wa mwili, au kiungo kimoja kikivimba ghafla na kuwa chekundu na cha moto.

Chakula nacho kina sehemu yake, ingawa watu hukisahau wakizungumzia viungo. Misuli hujengwa kwa protini, na wataalamu wengi wanapendekeza mzee apate gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, isipokuwa kama figo zake zina ugonjwa. Sahani ya bugali na sombe kidogo, yaani ugali na majani ya muhogo, haifiki huko. Maharage, sambaza (samaki wadogo wa ziwani), yai, maziwa: kimojawapo kiwepo kila mlo, na mzee asipewe mchuzi huku nyama ikienda kwa vijana kwa kisingizio cha meno. Sambaza zinasagika.

Linalobaki ni kudumu, na huko ndiko familia nyingi huanguka, si kwa ubaya bali kwa kukosa mpango. Zoezi lisilo na saa yake hupotea ndani ya wiki mbili. Liunganishwe na kitu kinachofanyika tayari kila siku: kuinuka kitini mara 10 kabla ya chai, kusimama kwa mguu mmoja wakati redio inasoma habari, kutembea pamoja na mama jirani baada ya sala ya jioni. Wawili hudumu kuliko mmoja, kwa kuwa kila mmoja anaona haya kumkosa mwenzake. Watoto walio mbali, wanaotuma fedha kila mwaka ili mzazi arudishwe kwenye maji, wangefanya vema kutenga sehemu ya fedha hizo kwa ziara chache za kine katika miezi mitatu ya kwanza. Hapa Bukavu, Heri Kwetu ni mojawapo ya vituo vinavyojulikana kwa huduma za viungo. Na wanapopiga simu, badala ya kuuliza tu "Mama, maumivu yakoje?", swali linalomrudisha mtu kitandani, wamuulize leo amefika wapi kwa miguu na amekutana na nani.

Mwisho, kuwe na kipimo, ili maneno ya majirani yasiwe ndiyo yanayoamua. Siku ya kurudi, mzee akae kwenye kile kiti kigumu, mikono kifuani, mjukuu ashike saa na kuhesabu mara ngapi anasimama wima ndani ya sekunde 30. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 anayefikisha chini ya mara 10, au mwanamume wa umri huo chini ya mara 12, yuko katika hatari zaidi ya kuanguka. Idadi iandikwe na kupimwa tena kila mwezi. Ikipanda au ikibaki ilivyo, kurudi Bugarama ni jambo jema lisilo na haraka, na familia inaweza kulipanga kwa wakati wake. Ikishuka ilhali mzee anatembea na kula vizuri, aonwe na daktari kabla ya fedha za safari kuchangwa: huenda ni upungufu wa damu, moyo unaochoka, macho yanayofifia, au dawa fulani inayomlegeza. Huenda pia ni huzuni, ambayo kwa wazee wetu waliofiwa na kuhamishwa mara nyingi hujitokeza kama uchovu wa miguu, na mara nyingi hakuna anayewauliza habari zake.